London, Mji wa Vilemba

Mgeni akifika London huelekezwa mtoni kwanza: madaraja, saa kubwa, gurudumu la kupandia angani. Mimi ningemwelekeza mlimani. Panda basi namba 24 kutoka Trafalgar Square, kaa ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa, teremka South End Green karibu na mwisho wa njia, kisha uingie Hampstead Heath kwa miguu. Ni kama hekta 320 za nyasi ndefu, mialoni mikongwe na mabwawa. Watu huogelea humo mwaka mzima. Lipo bwawa la wanawake, la wanaume na la mchanganyiko, na hata maji yakikaribia kuganda utamkuta bibi wa miaka sabini anatoka humo mwekundu kama kaa wa kuchemshwa, anacheka.

Kilima cha Parliament Hill kina mita 98 tu. Mtu wa Lushoto hatakubali kukiita kilima. Lakini upepo wa pale hauna ubahili, watoto wanarusha vishada, na jiji zima limejitandaza chini. Kuba la kanisa la St Paul's linaonekana wazi kati ya minara ya vioo, kwa sababu kanuni za mipango miji zinazuia kujenga kitu cha kuliziba mbele ya macho ya mtu aliyesimama hapa. Mji unaomlindia mpita njia haki ya kuona mbali una adabu zake, hata kama adabu hizo hazikumfikia kila mtu nyakati zote.

Upande wa kaskazini, ukishapita msitu, unatokea mbele ya nyumba nyeupe juu ya mteremko wa majani. Hiyo ndiyo Kenwood, na kuingia ni bure. Mwaka 1754 ilinunuliwa na William Murray, Mskoti aliyekuja kuwa Lord Mansfield na Jaji Mkuu wa Uingereza. Kati ya 1764 na 1779 alimpa msanifu Robert Adam kazi ya kuivisha upya. Nasema kuivisha kwa makusudi: sura ile nyeupe yenye nguzo na mapambo imepakwa juu ya nyumba ya zamani iliyokuwapo. Na ukitazama chini bwawani utaona daraja zuri jeupe linalovuka maji. Lifuate ulikaribie. Halivuki chochote. Ni ubao uliosimamishwa mwisho wa bwawa ili, kutoka madirishani, ionekane kama mto unaendelea mbali. Lilikuwapo tangu karne ya 18 na limekuwa likijengwa upya kila linapooza. Karne ile ilipenda kujifanya, na hapa ilijifanyisha hata maji.

Ndani, maktaba ya Adam peke yake inatosha kukulipa nauli. Dari lake limepinda juu kama tumbo la jahazi lililofunikwa, rangi zake ni samawati na waridi iliyofifia, picha za darini ni za Antonio Zucchi, na vioo vya ukutani vinaurudisha ndani mwanga wa bustanini. Mansfield alipokea wageni wake humu. Vyumba vingine vina picha zilizoachiwa taifa mwaka 1927 na Edward Cecil Guinness, tajiri wa ile bia: Rembrandt wa uzeeni, Vermeer, kundi la Gainsborough. Watu hujazana kwa Rembrandt na wana haki yao. Mimi nilikuwa na miadi na Kitty Fisher.

Kitty Fisher alikuwa malaya maarufu kuliko wote London, mwanamke ambaye magazeti yalimwandika kila alipotoka. Mwaka 1759 Joshua Reynolds alimchora akiwa Kleopatra, malkia wa Misri, ameshika lulu kwa ncha za vidole juu ya kikombe, yuko tayari kuitumbukiza iyeyuke. Kisa ni cha kale: malkia alitaka kumwonyesha Antonio, jemadari wa Kirumi, kwamba anaweza kunywa mali ya nchi nzima kwa funda moja. Najua, Kleopatra alikuwa wa ukoo wa Kigiriki. Lakini kwa London ya wakati ule alikuwa ni Misri, anasa na hatari, na Kitty mweupe pe alijivika vyote hivyo kwa saa chache katika chumba cha mchoraji. Karibu naye kuna Bi Musters, pia wa Reynolds, amekuwa Hebe, mhudumu wa miungu. Reynolds alikuwa na nadharia yake: nguo za mtindo wa mwaka huu zitamchekesha mtazamaji wa miaka hamsini ijayo, kwa hiyo mvike mtu wako kitu kisicho na tarehe. Matajiri waliipenda. Wakachorwa wakiwa miungu, wachunga kondoo, masultani wa kike wenye vilemba na shali. Kikao kikiisha, mtu anavua, anaita gari lake, anarudi nyumbani na jina lake lile lile.

Sasa tafuta wasichana wawili. Kenwood wana nakala. Picha yenyewe iko kwa wenye ukoo, kasri la Scone karibu na Perth, Scotland. Ilichorwa mwishoni mwa miaka ya 1770. Muda mrefu ilisemekana ni ya mchoraji Zoffany. Siku hizi imepewa David Martin. Wasichana wako nje hapa hapa Kenwood, na nyuma yao mbali kabisa liko lile kuba la St Paul's. Wa mbele, Lady Elizabeth Murray, amekaa na gauni la waridi, maua kichwani, kitabu mkononi. Nyuma yake anapita, karibu kukimbia, msichana mweusi: Dido Elizabeth Belle.

Dido alizaliwa 1761. Baba yake alikuwa nahodha wa jeshi la majini, John Lindsay, mpwa wa Mansfield. Mama yake alikuwa Mwafrika mtumwa, Maria Belle. Alilelewa katika nyumba hii pamoja na Elizabeth, binamu yake. Katika picha amevaa gauni la atlasi jeupe linalong'aa, lulu shingoni, hereni kubwa za lulu, shali ya samawati inayopepea nyuma yake, na kichwani kilemba chenye unyoya wa mbuni. Mkono mmoja umebeba matunda. Kidole cha mkono mwingine kimegusa shavu lake, kana kwamba anasema: huyu hapa, mimi. Anatabasamu na anakutazama usoni. Elizabeth amenyoosha mkono kumshika kiwiko. Huwezi kujua kama anamvuta karibu au anamsogeza apite, na nimesikia watu wazima wakibishana juu ya mkono huo mbele ya nakala mpaka mlinzi akageuka.

Mimi kinachonishughulisha ni kilemba. Mwaka 1779 Thomas Hutchinson, aliyekuwa gavana wa Massachusetts kabla ya kuikimbia Marekani, alikula chakula Kenwood, akaandika katika shajara yake aliyoyaona. Baada ya chakula aliingia mwanamke mweusi, akakaa na mabibi, kisha wakatembea bustanini, mmoja wao amemshika mkono. Maneno yake juu yake yana ukali wa mtu aliyechukizwa. Lakini kwa ajili ya ukali huo alitazama vizuri, akatuachia jambo moja la maana: Dido alikuwa amevaa kofia ndefu, ya mtindo ule ule wa mabibi wa Kiingereza wa mwaka ule, na nywele zake alijaribu kuzipanga kama zao. Basi siku ya kawaida, mezani kwa mjomba wa baba yake, Dido alivaa kama binti wa nyumba. Kilemba na unyoya ni vya picha.

Na kwa nini kilemba? Kwa sababu wachoraji wa Kiingereza walikwisha kuwa na sare ya kumchora mtu mweusi. Katika picha nyingi za mabwana na mabibi wa karne ile kuna mtoto wa Kiafrika pembeni: ana kilemba cha manyoya, anatoa trei ya matunda, anashika hatamu za farasi, anainua macho kwa bibi yake. Mara nyingine shingoni ana kola ya fedha. Kola hizo hazikuwa njozi za mchoraji. Mwaka 1756 fundi mmoja wa Westminster alitangaza gazetini kwamba anatengeneza kufuli za fedha za watu weusi au mbwa, na kola pia. Aliviweka katika sentensi moja bila kuona shida.

Kwa hiyo aliyemchora Dido alichukua kilemba na matunda kutoka kwenye kabati la watumishi, na lulu na atlasi kutoka kwenye kabati la mabibi, akamvika vyote. Ndiyo maana kwa muda mrefu waliomwona walidhani ni mtumishi. Kitty alivua Ukleopatra wake siku ile ile. Kilemba cha Dido hakikuvuliwa na mtazamaji yeyote kwa karibu miaka mia mbili. Sisi watu wa Pwani tunajua habari ya kuvikwa kilemba cha ukoka. Hiki kilikuwa cha hariri safi na bado kilifanya kazi ile ile.

Nyumba yenyewe ilikuwa na uso mara mbili vile vile. Mansfield ndiye aliyetoa hukumu ya tarehe 22 Juni 1772 kuhusu James Somerset, mtumwa aliyetoroka mjini London, akakamatwa, akafungwa minyororo ndani ya meli ya kwenda Jamaika. Jaji alisema hakuna sheria ya Uingereza inayomruhusu bwana kumtoa mtu nchini kwa nguvu, na Somerset akaachiwa. Hukumu ilikuwa finyu kuliko ilivyopokewa, lakini watu weusi wa London walishangilia. Huku nyumbani Dido alikuwa akipata posho ya pauni 30 na ushee kwa mwaka, zaidi sana ya mshahara wa mtumishi, wakati Elizabeth alipata kama 100. Alisimamia maziwa na kuku, na macho na mkono wa mzee vilipochoka alimwandikia barua zake. Moja ya 1786 ipo mpaka leo, kwa mwandiko wake mzuri. Mansfield katika wosia alithibitisha kwamba Dido ni mtu huru, akamwachia fedha. Alifariki 1793. Kabla mwaka haujaisha Dido aliolewa na John Davinier, kanisa la St George's, Hanover Square, akazaa watoto wa kiume, akafa 1804.

Ukitoka Kenwood kwa lango la juu, barabara inabana ghafla mbele ya baa ya Spaniards Inn. Mwezi Juni 1780 wafanya ghasia walikuwa wamekwisha kuichoma nyumba ya Mansfield ya Bloomsbury, vitabu na karatasi zote, wakapanda kuja kuichoma na hii ya Kenwood. Inasimuliwa kwamba mwenye baa aliwafungulia mapipa, wakanywa na kunywa mpaka askari wakafika. Chai ya Kenwood ni bora kuliko chakula cha hapa, lakini kwa shukrani tu inafaa kuingia.

Basi namba 210 linakushusha hadi Archway, na treni ya chini inakufikisha Tottenham Court Road. Nenda Soho Square. Adhuhuri wafanyakazi wa maofisini wamelala kwenye majani na sandwichi zao, na kanisa la matofali mekundu la St Patrick's limesimama upande wa mashariki. Mahali hapo palikuwa Carlisle House, ambapo tangu 1760 Teresa Cornelys, mwimbaji wa opera mzaliwa wa Venice, aliwauzia Waingereza usiku wa barakoa. Ulilipa, ukavaa joho jeusi na kinyago, au ukaja mzima mzima kama mtawa, mfagia bomba, Mturuki, na wengine walijipaka masizi wakaja kama Waafrika. Duke alicheza na mtu ambaye mchana asingemsalimu. Uturuki ulipendwa kuliko vyote. Aliyeutia moto alikuwa Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi, aliyerudi kutoka Istanbul 1718 na nguo za kule. Katika picha moja ya karibu 1725 amesimama na mavazi yake ya Kituruki, anang'aa, na pembeni yake mtoto mweusi ana kola shingoni. Bibi amejifanya mtu wa mbali ili apendeze, na mtu wa mbali yuko pale pale, amefungwa.

Cornelys alifilisika na kufia gerezani Fleet mwaka 1797. Mpinzani wake, ukumbi wa Pantheon wa Oxford Street uliofunguliwa 1772, sasa ni duka la Marks & Spencer; jengo la granaiti nyeusi bado linaitwa jina hilo, na pale walipojaribu vinyago watu wanajaribu soksi.

Kutoka Soho unatelemka Charing Cross Road kwa miguu, unapita maduka ya vitabu, mpaka National Portrait Gallery, jumba la picha za watu wa historia ya Uingereza. Nalo ni bure. Lilifungwa miaka mitatu kwa matengenezo, likafunguliwa Juni 2023, na majira hayo ya joto kila mtu alikwenda kumwona Mai. Picha hiyo ya Reynolds, ya karibu 1776, ilinunuliwa kwa pauni milioni 50, jumba hili na Getty la Marekani wakachangia na kukubaliana kupokezana.

Mai alikuwa kijana wa kisiwa cha Ra'iatea, Bahari ya Pasifiki, aliyefika London 1774 na meli ya Adventure. Waingereza walimwita Omai. Alipopelekwa kwa Mfalme George III alivaa suti ya Kiingereza ya mahameli. Alijifunza kupanda farasi na kucheza sataranji. Reynolds hakutaka hayo. Alimsimamisha mita mbili na zaidi, miguu mitupu, joho jeupe linaloporomoka kama la seneta wa Kirumi, mkono umenyooshwa kwa pozi la sanamu ya kale, na kichwani kilemba kikubwa cheupe ambacho hakikutoka Ra'iatea. Ni picha tukufu, sitadanganya. Ukumbi ulikuwa umejaa na bado ulihisi anakupa nafasi ya kupita. Kitu pekee ambacho Mai alikuja nacho mwenyewe kiko mikononi: nukta za tatuu juu ya ngozi, zimechorwa kwa uangalifu, nusu zimefichwa na nguo. Nahodha wa Kiingereza, Cook, alimrudisha bahari ya kwao, na 1777 akamwacha kisiwa cha Huahine na nyumba aliyojengewa na mafundi wa meli.

Picha ya mwisho ni ndogo, unaweza kuipita. Ni mali ya Qatar, na jumba hili lilianza kuiazima 2011. Picha husafiri, kwa hiyo uliza mapokezi kabla ya kupanda ngazi. Ndani ya duara la yai, mbele ya mawingu, mwanamume mweusi wa miaka thelathini hivi amevaa joho jeupe na kilemba cheupe kilichofungwa barabara, na shingoni ananing'iniza msahafu katika mkoba mwekundu. Mtu wa Lamu au Unguja hatahitaji maelezo. Huyu ni Ayuba Suleiman Diallo, Mfulani wa Bundu, katika Senegal ya leo, mtoto wa shekhe. Ilichorwa na William Hoare mwaka 1733, miaka arobaini na zaidi kabla ya Dido na Mai.

Diallo alitumwa na baba yake mto Gambia kuuza watumwa wawili na kununua karatasi. Hilo halifichiki. Njiani wakati wa kurudi alikamatwa yeye. Waliomteka walimnyoa kichwa na ndevu, ili aonekane mateka wa vita, bidhaa halali kwa nahodha wa Kiingereza. Kabla ya mchoraji yeyote kumgusa alikuwa amekwisha kuvikwa sura isiyo yake. Alipelekwa Maryland kwenye mashamba ya tumbaku, akaandika barua kwa Kiarabu kwa baba yake, barua ikaishia London mikononi mwa watu waliotambua kwamba mwandishi wake si mtu wa kawaida, na mwaka 1733 akaletwa Uingereza. Hapa alinakili Qurani nzima kwa kichwa, mara tatu, maana alikuwa hafidhi. Alimsaidia mkusanyaji Hans Sloane kusoma maandishi ya Kiarabu. Alishonewa vazi la hariri kwa mtindo wa kwao, akaingia nalo kwa mfalme.

Rafiki yake Thomas Bluett ameeleza siku ya picha. Diallo hakutaka kuchorwa. Alihofia ibada ya sanamu. Wakamhakikishia kwamba ni kumbukumbu tu. Uso ulipokamilika Hoare akauliza achore nguo gani. Za kwetu, akasema. Akajibiwa kwamba mchoraji hawezi kuchora nguo ambazo hajaziona. Diallo akawauliza, kama ni hivyo, mbona baadhi ya wachoraji wenu wanathubutu kumchora Mungu, ambaye hakuna aliyemwona?

Hoare akachora kilemba kama alivyoelekezwa.

Mwaka 1734 Diallo alirudi Gambia, na meli ya Royal African Company, kampuni iliyofanya biashara ya watu. Baba yake alikuwa ameshakufa, na mmoja wa wake zake ameolewa na mwingine. Francis Moore, karani wa kampuni hiyo kule mtoni, aliandika kwamba walipokuwa safarini walikutana na watu wa lile kundi lililomteka, Diallo akawauliza habari za mfalme wao. Wakamwambia kwamba katika malipo yaliyotolewa na nahodha kwa ajili ya kumnunua kulikuwa na bastola. Mfalme aliipenda, akawa anaivaa shingoni kwa kamba, na siku moja ikafyatuka, risasi ikamwingia kooni.